Stoo Yenye Ubao na Madirisha Kumi na Mawili

Shangazi mshauri, shikamoo, na unisamehe kwa mwandiko, nakuandikia nikiegemea mashine ya fotokopi kwa sababu hii ndiyo kona pekee ya ofisi ambako simu haishiki na mama mkwe hawezi kunipata, na naomba unisaidie kabla ya Alhamisi, maana Alhamisi ndiyo siku ya mkaguzi wa majengo na mimi mpaka sasa sijui niandike nini kwenye kisanduku kimoja kidogo cha fomu.

Mimi ni mchora ramani za majengo, nina miaka thelathini na tisa, mke mmoja, binti mmoja wa darasa la tatu ambaye bibi yake anamwita Swala kwa jinsi anavyokimbia, na mama mkwe mmoja ambaye ukimhesabu vizuri ni watatu. Mama mkwe ndiye mwenyekiti wa kamati ya ujenzi ya shule anayosoma binti yangu, na ndiye pia aliyenitafutia kazi hii miaka kumi na moja iliyopita, wakati mimi na mke wangu tulikuwa tunakaa kwake tukila na kulala bure, jambo ambalo hajawahi kulitaja hata siku moja mbele za watu, analitaja tukiwa wawili tu.

Shule imejaa, shangazi, watoto wanakaa wanne kwenye dawati la wawili na wengine wanaandikia magotini, kwa hiyo mama mkwe akasema tutajenga jengo jipya, vyumba vinne chini na vinne juu. Bosi wangu aliuliza kwa upole kwa nini visiwe vyote chini wakati uwanja upo, akajibiwa kwamba shule isiyo na ngazi haina heshima, akarudi kwenye gazeti lake. Na kabla sijachonga hata penseli mama mkwe alikuwa ameshapata mbao. Ukumbi wa zamani wa mji ulikuwa unabomolewa, akaenda akaongea na watu anaojua kuongea nao, akarudi na malori matatu ya boriti na mbao za sakafu zilizokaa miaka hamsini zikipakwa nta na kuchezewa muziki, mbao nzuri kwa kweli, ukizigonga zinalia, na kavu mpaka unaona huruma kuzipiga msumari.

Sasa nikueleze kidogo kuhusu kazi yetu ili unielewe nilipokwama. Kanuni za ujenzi zinagawa majengo kwa madaraja manne, kwa kuangalia jengo litasimama muda gani likiwaka moto. La kwanza linasimama dakika mia na ishirini, la pili dakika sitini, la tatu thelathini, na la nne, lenye kuta za tofali lakini sakafu na paa za mbao, halikuahidi kitu. Shule inaruhusiwa kuwa ya daraja la nne, ila iwe ya chini tu, mtoto akitoka mlangoni aguse ardhi. Ukitaka madarasa juu unatakiwa daraja la pili, sakafu ya zege, nguzo za kustahimili moto, na ngazi mbili zilizoachana. Kwa utaratibu mtu unachagua daraja kwanza ndipo utafute vifaa, lakini nisikudanganye, ofisini kwetu tunakwenda kinyume, tunamuuliza mteja ana nini uani kwake, tunachora, halafu mwisho kabisa, chai ikishamwagikia fomu, tunajaza daraja kama mtu anavyojaza tarehe. Miaka kumi na moja nafanya hivyo na hakuna aliyewahi kunirudishia fomu.

Nilimwambia mama mkwe, kwa adabu zote, macho chini, kwamba mbao hizi ni za daraja la nne na daraja la nne halipandi juu. Akaniangalia kama anavyomwangalia fundi aliyechelewa, akasema, "Baba, wewe ni mtoto wangu au mtoto wa kanuni?" Sasa shangazi, swali kama hilo linajibiwaje? Akanimalizia mwenyewe: "Kanuni inakataza madarasa juu, si ndiyo? Haikatazi stoo. Andika stoo. Funika kombe mwanaharamu apite, mkaguzi akishaondoka shule ni yetu." Nikaandika. Stoo ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne. Nikaziwekea madirisha matatu matatu kwa sababu watoto wanahitaji mwanga, na ubao ukutani kwa sababu mkono ulishazoea, na ngazi moja ya mbao katikati maana stoo haidai ngazi mbili, na pale ilipokuwa ikae ngazi ya pili mwalimu mkuu akapata kabati la vikombe vya michezo. Bosi wangu aliutazama mchoro, akasema, "Stoo hizi zina hewa nzuri," akagonga muhuri, kibali kikatoka.

Jengo limesimama, limepauliwa, madawati yameshapandishwa, na shule ikifunguliwa mwezi ujao watoto mia na themanini wataingia juu. Basi Jumanne ya wiki iliyopita kamati ilikuja kutembelea, watu kumi na wawili pamoja na mimi, tukapanda tukakaa kwenye madawati ya watoto kunywa chai, na huko chini fundi wa kuchomelea alikuwa anamalizia kishikio cha chuma cha ngazi, cheche zikaangukia maranda ambayo seremala alikuwa ameyafagilia chini ya ngazi hiyo. Haukuwa moto wa kusema moto, shangazi, ulikuwa moshi tu, ndoo mbili za maji zikaumaliza, lakini moshi ule ulipanda kwa ngazi kama umeitwa, na sisi tulio juu tukataka kushuka kwa ngazi hiyo hiyo, na ngazi yenyewe ina upana wa mtu mmoja na nusu. Katibu wa kamati, ambaye ni mtu wa mwili, alikwama na mimi kwenye kona, tukaachana kwa kusukumwa na walio nyuma. Mama mkwe alifika nje na kiatu kimoja. Tukakohoa, tukaangaliana, tukacheka, mmoja akasema anayekohoa zaidi ni wa sigara, na ikakubaliwa bila kupigiwa kura kwamba jambo hilo lisiingie kwenye kumbukumbu za kikao. Kiatu cha mama mkwe nilikiokota baadaye ngazini, kisigino kimelainika kwa joto, nimekiweka kwenye droo yangu ya ofisi, sijui kwa nini.

Nilijaribu kumrudia siku ile ile. Akaniambia, "Moto hausomi ramani, mkwe wangu. Ukija umekuja." Lakini usidhani hakujali, kwani baada ya siku mbili alileta kopo la rangi ya kuzuia moto, ile ambayo ukiipaka kwenye mbao inauchelewesha, kopo moja, na kwa kuwa ilikuwa nyeupe safi na sherehe ya ufunguzi inakaribia, ikaanzia kwenye kibao cha jina la shule pale getini, na ikaishia hapo hapo.

Nyumbani napo hapakaliki. Mke wangu anasema mama amehangaikia shule hii miaka sita mpaka miguu imevimba, na mimi ninachotakiwa ni kuandika neno moja tu, na nikijibu ananiambia nisimpandishie sauti, wakati sauti yenyewe sijaipata bado, na binti naye analia kwa sababu wenzake wanapanda juu na yeye ameandikwa mkondo wa chini, darasa la karibu na mlango, nilimwomba mwalimu mkuu mwenyewe ile Jumatano, bila kumwambia mtu nyumbani, kwa sababu ya goti lake, aliwahi kuanguka na baiskeli, na mama mkwe akisikia mtoto analia anaona kama ni mimi nimeanza fitina, kwa hiyo chakula cha jioni tunakula kila mtu na sahani yake anaitazama.

Sasa fomu iliyobaki ni ya mwisho, ya kuombea cheti cha kutumia jengo. Kisanduku kinauliza: sehemu ya juu inatumika kwa kazi gani? Chini yake ni sahihi yangu. Nikiandika stoo, cheti kinatoka, mama mkwe anakata utepe, nami naendelea kuitwa mtoto wake. Nikiandika madarasa, daraja la nne linakataliwa, juu panafungwa, na mama mkwe atasimama mbele ya wazazi wote aliowaahidi akiwa hana la kusema, kwa mkono wa mtu ambaye yeye ndiye aliyemlisha. Nipe maneno, shangazi. Nipe namna ya kusema ambayo mama mkwe hatanuna, cheti kitapatikana, na dhamiri yangu itatulia. Tafadhali ufiche jina langu, kwani mama mkwe husoma safu yako kila Jumamosi na husema wewe peke yako ndiye mwenye akili katika gazeti zima.

Ni mimi, mchora ramani mwenye kisanduku kitupu.


SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba, mwanangu. Nimekusoma, nikavua miwani, nikaifuta, nikakusoma tena, maana nilidhani ni macho.

Nikupe pole kwanza. Kubanwa na mtu aliyekulisha ni kubanwa kubaya, kwani ukimkatalia unajiona mwizi na ukimkubalia unajiona mtumwa. Hilo nalielewa na sikucheki. Pole imeishia hapo. Ni ndogo kwa sababu nyingine nimewawekea wanaoihitaji zaidi yako.

Barua yako ina kurasa nne. Mama mkwe yumo karibu kila aya: ananuna, anauliza, analeta mbao, anapoteza kiatu. Watoto mia na themanini umewataja mara moja, katikati ya sentensi, kati ya madawati na chai. Umeniletea mimi, mshauri wa ndoa na wakwe, swali la zege, ukalivalisha nguo za ukwe ili lionekane la kwangu. Sijui zege. Kwa hiyo nilibeba barua yako nikaenda kwa jirani yangu, mzimamoto mstaafu, mtu aliyetumia miaka thelathini kuingia kwenye nyumba ambazo wenyewe walikuwa wanazikimbia. Nikamsomea kibarazani kwake.

Kwenye stoo zenye ubao alicheka mpaka akaomba maji. Kwenye kibao cha getini alicheka tena, akasema angalau siku hiyo hakuna gari la zimamoto litakalopotea njia, jina la shule litasomeka vizuri kuliko kitu chochote kilichobaki. Tulipofika kwenye ngazi akaacha kucheka. Akaniuliza, "Amesema upana wa mtu mmoja na nusu?" Nikamjibu ndiyo. "Na iko peke yake?" Iko peke yake. Akaweka bilauri chini, akaniomba nirudie watoto ni wangapi.

Nakupa maneno yake kama alivyoyasema, maana wewe umesomea na mimi sikusomea, na bado yeye alinieleza vizuri kuliko wewe. Daraja la ujenzi, alisema, ni dakika. Ni zile dakika ambazo mwalimu anazo za kusema simameni, acheni mabegi, shikaneni mikono, kuhesabu vichwa, kumrudia yule mmoja aliyejificha chini ya dawati kwa hofu, na kushuka. Anayechagua daraja anamgawia mwalimu dakika hizo. Daraja la nne halimpi hata moja, ndiyo maana kanuni ikasema mtoto akae karibu na ardhi. Na mbao zilizokauka miaka hamsini na kulishwa nta, kwa lugha ya kazi yake, zinaitwa kuni. Watu wazima kumi na wawili, kamati nzima, wenye vyeo na miwani, mmekimbia moshi wa ndoo mbili za maji, mkakwama kwenye kona, mkasukumana, mmoja akaacha kiatu. Sasa watoe hao, uweke mia na themanini wenye miaka tisa.

Halafu mlicheka. Nimekuwa mwalimu kabla sijawa shangazi wa gazeti, na najua kicheko cha watu walioponea chupuchupu. Ni kicheko kizuri, mradi kesho yake mtu afanye jambo. Ninyi jambo lenyewe mlilizuia lisiingie kwenye kumbukumbu za kikao.

Bosi wako sina muda naye. Mtu anayeona stoo nne zenye madirisha kumi na mawili akasifu hewa, huyo muhuri ndio unaomshika yeye. Lakini wewe usijifiche nyuma yake. Unasema miaka kumi na moja hujarudishiwa fomu hata moja, kama mtu anayejisifu. Mwanangu, kutorudishiwa fomu maana yake ni kwamba hakuna aliyesoma. Kuna majengo ya miaka kumi na moja huko mtaani ambayo daraja lake ulilijaza kama tarehe, na baada ya hili utakaa chini uyapitie moja moja. Hiyo ni kazi ya wiki zinazofuata. Tuje kwenye Alhamisi.

Umeniomba vitu vitatu: mkwe asinune, cheti kitoke, dhamiri itulie. Njoo uchague kama kanuni zako zinavyotaka, kwanza daraja, kisha vifaa. Dhamiri ndiyo daraja. Cheti kitafuata kikiweza. Kununa kwa mkwe ni rangi ya ukutani, kutakauka.

Kwa hiyo kalamu ishike leo. Kwenye kisanduku andika "madarasa manne, watoto mia na themanini", utie sahihi, uipeleke mwenyewe kwa mkaguzi kabla hajaja kwenu. Mtu aliyejileta huwa anasikilizwa na aliyefumwa huwa anahojiwa, na tofauti hiyo utaihitaji. Mweleze na ya Jumanne, moshi na wote waliokuwemo. Atawaambia mfunge juu. Mfunge kwa kufuli, madawati yashuke, ubao ung'olewe usije ukamtamanisha mtu. Vyumba vya chini mkaguzi akividhinisha vifunguliwe, watoto waingie kwa zamu, asubuhi hawa na mchana wale. Watachoka na wazazi watalalamika. Heri nusu shari kuliko shari kamili.

Kisha kamati ikae ifanye kile ambacho ilitakiwa kufanya siku ya kwanza, ichague. Mkitaka ngazi na heshima yake, basi ng'oeni sakafu ya mbao, mwageni zege juu ya nguzo zinazostahimili, mtoe kabati la vikombe, ngazi ya pili irudi kwenye nafasi yake, na mvumilie muda itakaochukua. Mkitaka haraka, uwanja mnao, jengeni vyumba vinne vingine chini, kwa daraja lile lile la nne ambalo halina aibu yoyote likikaa linapostahili. Zile mbao nzuri ambazo hazijapigiliwa zitapaua vyumba hivyo na kutengeneza meza na rafu za vitabu mpaka zibaki. Na juu pale mtakuwa mmepata stoo kubwa kuliko shule zote, ya kweli safari hii.

Sasa nina neno na mtu mwingine, na wewe mchora ramani kaa pembeni kidogo.

Mama mwenyekiti, najua unasoma, leo ni Jumamosi. Usimkasirikie kijana. Aliniomba nifiche jina lake nimelificha, lakini hakuniomba nifiche ngazi. Miaka sita umehangaika, miguu imevimba, na bila wewe wale watoto wangeendelea kuandikia magotini. Nakuheshimu kwa hilo na wala sikupaki mafuta kwa mgongo wa chupa. Ulisema moto hausomi ramani, na katika barua nzima hakuna aliyesema neno la kweli kuliko hilo. Ndiyo maana neno stoo halitamsaidia mtu yeyote. Mkaguzi atalisoma, atageuza ukurasa, ataondoka, mwanaharamu atakuwa amepita kama ulivyotaka. Watakaobaki chini ya kombe ni watoto, na mjukuu wako ni mwanafunzi wa shule hiyo. Uliwaahidi wazazi madarasa. Simama mbele yao uwaambie yatachelewa na kwa nini. Mwanamke aliyeweza kuongea mpaka malori matatu yakajaa hawezi kushindwa na mkutano mmoja wa wazazi.

Rudi sasa, mchora ramani. Uliniomba maneno ya kumwambia mama mkwe. Gazeti limeshamwambia, lakini haitoshi, utamwambia mwenyewe kama mtoto anavyomwambia mzazi. Ukienda na kanuni atakushinda, ameshakushinda nazo mara moja. Fungua droo, chukua kile kiatu. Ulisema hujui kwa nini umekiweka. Unajua. Nenda nacho nyumbani kwake, mkeo akiwepo, umwamkie, ukiweke mezani kisigino kikiwa juu ili akione, halafu useme hivi: "Mama, hiki ulikiacha ngazini tukiwa kumi na wawili. Mimi siwezi kutia sahihi chini ya neno stoo." Basi. Usiongeze kitu, maana ukiongeza utaomba msamaha, na ukiomba msamaha utaandika stoo. Akinuna anune. Mchelea mwana kulia hulia yeye, na kwa mama mkwe ni vivyo hivyo. Mkeo akikuambia usipandishe sauti, mwambie hujaipandisha, umeipata.

Nimebakisha jambo moja, nililiacha mwisho kama wewe unavyoacha daraja.

Moto ulikuwa Jumanne. Jumatano ukaenda kwa mwalimu mkuu kumwombea binti yako mkondo wa chini, darasa la karibu na mlango, kwa sababu ya goti. Goti la mtoto ambaye bibi yake anamwita Swala. Hukumwambia mkeo, hukumwambia mama mkwe, na mimi umenichomekea katikati ya kilio na chakula cha jioni ukidhani sitaliona. Mkuki kwa nguruwe mtamu. Ulipomaliza kukohoa ulienda moja kwa moja kwa mtoto wako, na sikulaumu, hata mimi ningeenda.

Ila usiniambie tena kwamba hujui uandike nini. Daraja ulilichagua Jumatano, mbele ya meza ya mwalimu mkuu, na ulichagua sawasawa na kanuni bila kuifungua: mtoto akitoka mlangoni aguse ardhi. Wamebaki mia na themanini ambao baba zao hawachori ramani. Kawachagulie na wao.